Karatasi Inasema Farasi Mmoja

Saa moja kasorobo asubuhi, msitu bado ni mweusi, na Odile Wansart anabembeleza farasi.

"Haya, mzee wangu. Moja tu hili, halafu tunapumua."

Mzee anayeambiwa hivyo ni Baron, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja na jicho moja linaloona. Anainamisha shingo. Mnyororo unakaza, na gogo la msonobari lenye urefu wa mita kumi linajing'oa matopeni kwa sauti ya mtu anayevua buti lililonasa. Hatua kumi na mbili, kisha Baron anasimama. Odile naye anasimama. Hatazami saa. Anatazama mvuke unavyotoka puani mwa farasi, na mpaka utulie hagusi mnyororo.

"Zamani, saa hizi ningekuwa na magogo manane kando ya barabara," anasema, akijipangusa matope kwa kiganja cha mkono. "Leo mawili. Na hayo mawili mzee huyu ananifanyia kwa hisani tu."

Odile ana miaka hamsini na sita. Kazi yake ni kuburuta magogo kwa farasi katika misitu ya milima ya Ardenne, kusini-mashariki mwa Ubelgiji, kwenye miteremko ambako mashine kubwa zikiingia huacha mahandaki badala ya njia. Ni kazi aliyorithi kwa baba yake. Wanaoifanya bado wanahesabika kwa vidole, na mwanamke ni yeye peke yake.

Leo ni Jumanne ya Novemba, na hakupaswa kuja kazini. Saa nne yeye na kaka yake watafunga trela nyuma ya gari na kuvuka mpaka kwenda Ujerumani, kilomita thelathini na nane, kumchukua farasi ambaye mahakama ya Ubelgiji ilishasema ni wake.

Itakuwa safari ya tano.

"Nilishindwa kukaa nyumbani," anasema. "Ningekunywa kahawa mpaka moyo upasuke."

Farasi anayefuatwa ni jike, anaitwa Myrtille. Ni jina la tunda dogo jeusi linalochumwa milimani humu mwezi wa saba, kwa sababu alizaliwa siku ambayo kijiji kizima cha Neuvisart kilikuwa vichakani na ndoo. Odile alimtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Alimfundisha kazi kwa miaka minne, bila mjeledi. Kufikia umri wa miaka minane, Myrtille alikuwa anaweza kuvuta saa saba kwa siku na kuzunguka kisiki bila kuambiwa.

Baron leo anaweza saa tatu. Daktari wa mifugo amesema majira haya ya baridi ndiyo ya mwisho kwake, na alisema hivyo pia mwaka jana. Baron akilala, Odile hana farasi mwingine. Mwenye misitu anamlipa kwa ujazo wa mti uliofika barabarani, na wala haulizi umevutwa na nani. Miaka hii miwili amekuwa akipata chini ya nusu ya alichokuwa akipata na Myrtille. Majira ya joto husafisha vyumba kwenye nyumba za watalii ili alipe nyasi.

*

Yote yalianzia kwenye msumari.

Miaka mitano na miezi tisa iliyopita, mwezi wa pili, gogo lilibingirika likamvunja Odile nyonga. Akawekewa bamba la chuma. Akiwa bado hospitalini alipigiwa simu na Hartwig Lenzen, mburuta magogo wa upande wa pili wa mpaka, mtu waliyefanya naye kazi miaka kumi na kugawana naye mkate mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

"Akaniambia, 'Odile, jike akisimama bandani mwaka mzima anaharibika. Niachie nimfanyishe kazi, Sikukuu ya Watakatifu Wote nakurudishia.' Nikaona anasema kweli. Na alisema kweli, anaharibika."

Watu wa farasi wa milima hii, huku na kule, hawaandikishiani. Desturi yao ni ya hatamu. Ukiuza farasi, anaondoka na hatamu yako kichwani na kola yake shingoni, ile kola nene ya ngozi inayobeba uzito wa mzigo. Ukimwazimisha, unavua vyako vyote, na mwazimaji anakuja na vyake. Mtu akimwona farasi barabarani, anaangalia hatamu na kujua ni mali ya nani.

Siku Lenzen alipokuja na trela, aliyekuwa nyumbani ni Firmin, kaka yake Odile, dereva wa lori la maziwa. Firmin anaijua desturi kama anavyojua jina lake. Lakini kola ya farasi hushonwa kwa kipimo cha shingo moja tu. Akivalishwa ya mwingine, mabega huchubuka siku hiyohiyo. Firmin akamhurumia mnyama, akatoa kola. Na kola ilikuwa imetundikwa pamoja na hatamu.

"Zilikuwa kwenye msumari mmoja," anasema Firmin, mwenye miaka sitini na moja. Ametusimulia habari hiyo mara tatu, na mara zote tatu anaishia kwenye msumari. "Nikazishika pamoja, nikampa pamoja. Nilikuwa na haraka, maziwa yalikuwa yananisubiri."

"Ulikuwa na haraka na huruma," anasema Odile. "Bora ungekuwa na kimoja."

Watakatifu Wote ikapita. Krismasi ikapita. Lenzen akawa hapokei simu. Alipopokea alisema kwa utulivu kabisa, "Mbona kaka yako alinipa na hatamu na kola? Hapa kwetu nani asiyejua maana yake?"

Alikuwa na pasipoti ya farasi pia, kwa sababu farasi havuki mpaka bila pasipoti. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kumwandikisha kwa jina lake.

Kesi ilichukua miaka miwili. Jaji, mama wa mjini aliyevaa miwani, aliposikia habari za hatamu aliuliza hatamu ni kitu gani. Akaelezwa. Akasema asante, akairudia simu ya Odile iliyokuwa na ujumbe wa Lenzen: "Nitamrudisha Watakatifu Wote, pona haraka." Akaamua kwa huo ujumbe.

"Nilishinda kwa sababu jaji hakuijua desturi yetu," anasema Odile. "Angeijua, ningeshindwa. Hebu nenda nalo hilo kitandani ukalale nalo."

Hiyo ilikuwa miaka miwili na miezi minane iliyopita. Hukumu ina kurasa kumi na nne. Inamwamuru Lenzen kurudisha farasi jike aitwaye Myrtille, mwenye chipu namba fulani chini ya ngozi ya shingo. Odile aliipeleka nyumbani akaiweka juu ya friji, akapika soseji na viazi, wakanywa na Firmin glasi mojamoja ya pombe kali ya mreteni. Walidhani imekwisha.

*

Wakili wake ni Perrine Collignon, mwanamke wa miaka thelathini na tatu ambaye ofisi yake iko juu ya duka la mikate, na ambaye kila akieleza jambo gumu hushika sikio.

"Watu wanadhani hukumu ni ufunguo," anasema wakili. "Kumbe ni barua. Ndani ya nchi yako kila mtu anaisoma. Ukivuka, lazima kwanza uthibitishe kwamba ni barua."

Safari ya kwanza, mwishoni mwa mwezi wa tano, dalali wa mahakama wa kule aliigeuza hukumu huku na huku akauliza cheti kiko wapi. Hukumu ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya inakubalika nchi nyingine bila kesi mpya, lakini iende na cheti kutoka mahakama iliyoitoa. Hakikuwepo. Hakuna aliyekuwa amekiomba.

Safari ya pili, Novemba, cheti kilikuwepo, na tafsiri ya Kijerumani iliyogharimu euro mia sita na arobaini, ukiwamo ukurasa wa mwisho ambao hauna kitu ila mhuri. Lakini Myrtille hakuwepo. Lenzen alikuwa amemhamishia kwenye shamba la mkewe, kilomita tisa tu, wilaya nyingine, na kwa hiyo dalali mwingine. Faili likaanza upya.

Safari ya tatu ilikuwa Mei ya mwaka jana. Dalali mpya, Bwana Theisen, mtu mwembamba mwenye mafua yasiyoisha, alisoma chipu na kutikisa kichwa kwamba ndiye. Kisha akatazama chini. Chini ya tumbo la Myrtille alikuwa amesimama mtoto wa wiki tatu, miguu mirefu kuliko mwili, ananyonya.

"Akafungua faili," anasimulia Odile. "Akasoma. Akafunga. Akaniambia, 'Mama Wansart, karatasi inasema farasi mmoja. Mimi naona wawili.'"

Odile alimwambia mtoto ni wa mwenye mama, kila mtu anajua. Bwana Theisen alisema huenda, na kama angekuwa rafiki yake angemwambia ndiyo. Lakini yeye hakutumwa kuamua mtoto ni wa nani. Alitumwa kumchukua farasi mmoja. Na mtoto ambaye hajafikisha miezi sita, huwezi kumtenga na mama yake.

"Jaji wa kule haruhusiwi kuuliza kama jaji wa huku alikosea au alisahau," anaeleza Wakili Collignon, mkono sikioni. "Na hilo limewekwa ili kutulinda sisi. Anachukua kilichoandikwa, anakitekeleza. Kisichoandikwa hakipo. Hukumu yetu ilipotoka hakukuwa na mtoto. Tungeandikaje?"

Miaka yote mitatu ambayo Myrtille aliburuta magogo ya Lenzen, hakuwahi kupandishwa na dume. Alipandishwa mwezi wa sita, siku chache baada ya ile safari ya kwanza.

Mtoto alipofika miezi sita, Lenzen alikuwa ameweka pingamizi, akidai chipu iliyosomwa si uthibitisho wa kutosha. Pingamizi likatupwa, lakini lilitupwa mwezi wa nne mwaka huu. Odile na Firmin wakafunga trela. Safari ya nne. Wakakuta tumbo limeshuka na matiti yamejaa. Daktari wa mifugo alikuwepo na barua mkononi: jike aliyebakiza wiki chache kuzaa hasafirishwi, ni sheria.

Mwezi uliofuata akazaa.

"Akiwa na tumbo, haguswi. Akiwa na mtoto, haguswi," anasema Firmin. "Lenzen hahitaji wakili. Anahitaji dume."

*

Saa tano na nusu. Shamba liko mwisho wa barabara ya changarawe, nyumba ya mawe, mbolea imepangwa vizuri kama keki. Bwana Theisen amefika kabla yao, yuko ndani ya gari lake anapenga kamasi. Daktari wa mifugo yupo. Lenzen anatoka akiwa na kikombe cha kahawa, mtu mnene, amechangamka.

"Odile! Umezeeka."

"Na wewe umenenepa. Jasho la farasi wangu linakukubali."

"Mama Wansart, nakuomba," anasema Bwana Theisen. "Leo tuzungumze kupitia kwangu."

"Basi mwambie amenenepa."

Daktari wa mifugo anageuza uso pembeni, anachekea kwenye ukosi wa koti lake.

Myrtille yuko kwenye uwanja mdogo nyuma ya banda. Manyoya yake ya kahawia yamefifia. Mgongo umebonyea. Kando yake yuko mtoto, jike, rangi ya mama, doa jeupe puani kama aliyechungulia ndoo ya maziwa. Bwana Theisen anahesabu kwa sauti kutoka kwenye faili. Mtoto ana siku mia moja themanini na nne. Daktari anasema anakula nyasi vizuri, anaweza kuachishwa.

Odile anaingia uwanjani akiburuta mguu wake mbovu. Anasimama hatua tano kutoka kwa farasi, mikono ndani ya mifuko ya koti.

Myrtille anainua kichwa. Anakuja polepole, anapita uso wa Odile kama hauoni, na kuchomeka pua yake moja kwa moja kwenye mfuko wa kushoto. Ndimo mikate mikavu ilimokuwa ikikaa. Ndimo ilimo hata leo.

"Hata mbwa wangu anajua mfuko wenye mkate," anasema Lenzen.

Odile anapitisha kiganja chini ya manyoya ya shingo, hadi begani. Pande zote mbili ngozi imekuwa ngumu, haina nywele, upana wa sahani.

"Hii ni nini, Hartwig?"

"Kazi."

"Kola yake ulikuwa nayo! Ulipewa!"

"Ilichanika mwaka wa pili. Nikamvalisha nyingine."

"Ya nani?"

"Nyingine tu, Odile. Ni farasi, si bibi harusi."

Firmin anaomba kola iliyochanika angalau irudishwe, inaweza kushonwa. Bwana Theisen anafungua faili. Kila mtu anajua atasema nini, na anasema. Haimo.

Haimo kwa sababu Odile hakuidai. Wakili alipomuuliza miaka ile anadai nini, alisema farasi. "Nani anadai kola?" anasema. "Kola ni ya farasi kama kwato zake. Ungeniambia nidai na mkia?"

Anaposema hivyo Firmin anaangalia viatu vyake.

Kisha Odile anauliza swali ambalo amelibeba tangu Mei ya mwaka jana. Yule mtoto wa kwanza yuko wapi, yule dume?

"Nilimuuza," anasema Lenzen.

"Kwa nani?"

Lenzen anakunywa kahawa. "Odile, dume mwenye miguu ile, nani angemchukua kwa kazi? Alikwenda machinjio ya Ufaransa. Kwa kilo."

Upepo unapita. Mtoto mwenye doa jeupe anamsogelea mama yake, anaingiza kichwa chini ya tumbo, ananyonya. Ukitaka kusikia, unasikia anavyomeza.

"Na huyu?"

"Huyu ni jike, anaweza kubaki. Au na yeye aende. Inategemea." Anamtazama. "Nitakuuzia. Elfu mbili. Bei ya rafiki."

Firmin anavuta dada yake pembeni, nyuma ya trela. Anaongea kwa kunong'ona lakini ananong'ona kama dereva wa lori.

"Ninazo. Zipo benki. Mimi ndiye niliyeleta balaa hili, niache nilipe."

"Hapana."

"Odi, sikiliza…"

"Nisikilize wewe, kaka. Perrine alisema nini? Ukinunua, umekubali ni wake. Ukikubali huyu ni wake, umekubali na yule aliyekwenda kwa kilo alikuwa wake. Umekubali alikuwa na haki ya kumzalisha. Kesi ya watoto imekufa hapohapo."

"Kesi ya watoto ni miaka miwili. Huyu miaka miwili atakuwa wapi?"

Odile anatazama mkono wake ulioshika mlango wa trela.

"Sinunui kilicho changu, Firmin."

"Basi kilicho chako kitaliwa."

Ni neno baya, na Firmin akishalisema anafumba mdomo kwa kiganja. Lakini limeshasemwa, na hadi jioni hakuna atakayelirudia.

*

Daktari anampima Myrtille kabla ya safari. Anaingiza mkono uliovaa glavu ndefu hadi begani, anafumba macho kidogo, anautoa.

"Ana mimba," anasema. "Miezi mitano hivi. Kusafiri anaruhusiwa."

Wote wanamgeukia Lenzen. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, hachekicheki.

Alikuwa amejiandaa kwa safari ya sita. Alitegemea leo ikwame mahali, siku ihesabiwe vibaya, mtoto aonekane dhaifu, mhuri usionekane vizuri. Kisha lije tumbo, kisha lije titi, na Odile azidi kuzeeka.

"Yule wa tumboni ni wangu," anasema. "Dume ni langu. Theisen, karatasi inasema farasi mmoja!"

Bwana Theisen anapenga kamasi taratibu, anakunja leso mara nne.

"Bwana Lenzen," anasema, "wa tumboni sina fomu ya kumchukua. Lakini pia sina fomu ya kumtoa."

Anasaini. Anamwonyesha Odile mahali pa kusaini. Ni saa sita na dakika ishirini.

Myrtille anapanda trela bila shida, anafuata mfuko wa kushoto. Kisha mlango unafungwa, na hapo ndipo anapogundua aliyebaki nje. Mlio wake wa kwanza unatikisa bati. Mtoto anajibu kutoka uwanjani, sauti nyembamba, anakimbia kando ya uzio mpaka kona, anarudi, anakimbia tena. Lenzen ameshika ile hatamu ya zamani, aliyoivua kichwani mwa Myrtille dakika ya mwisho kwa sababu nayo haimo kwenye karatasi. Farasi amepanda na kamba ya Firmin.

Firmin anaendesha. Odile amekaa kando, mikono magotini. Njia nzima, kilomita thelathini na nane, Myrtille anaita. Pale mpakani hakuna kitu, hakuna kizuizi wala askari, kuna kibao cha buluu tu na lami inayobadilika rangi. Unapita kabla hujamaliza kukisoma.

"Miaka miwili na miezi minane," anasema Odile, akikitazama kibao kikirudi nyuma.

*

Siku nne baadaye, Jumamosi asubuhi, Myrtille amesimama bandani Neuvisart akielekea ukuta wa mashariki. Maziwa yanadondoka yenyewe, matone, juu ya majani makavu. Mwanamke yeyote aliyewahi kuachisha mtoto anajua maumivu ya maziwa yasiyo na pa kwenda. Odile anamkanda kwa maji ya uvuguvugu, kidogo tu, yasije yakaongezeka. Baron, kwenye chumba cha pembeni, amepitisha kichwa juu ya ubao na kukiegemeza mgongoni mwa jike. Hajakitoa tangu jana.

"Amerudi, na sijafurahi," anasema Odile. "Niandikie hivyohivyo. Watu wananipongeza dukani. Nawaambia asante. Nikifika nyumbani nasikia yule mtoto kwenye uzio. Nilimtoa mama, nikaacha mtoto. Alichonifanyia Hartwig, nami nimekifanya. Mimi tu nilikuwa na karatasi."

Wakili Collignon alipeleka maombi mapya mahakamani siku ya Jumatano. Anadai watoto wawili, aliye hai na thamani ya aliyekwenda kwa kilo. Ameomba pia amri ya haraka kwamba yule mwenye doa jeupe asiuzwe wala kuchinjwa wakati kesi inaendelea. Anasema amri za namna hiyo zikitolewa huvuka mpaka pia, mradi upande wa pili umepelekewa kwanza. Cheti ameshakiomba mapema safari hii. Tafsiri pia. Safari hii ameandika hatamu na kola, na chini yake ameongeza mstari mmoja: na kila kilichozaliwa, kitakachozaliwa, au kilichomo.

Mlango wa banda unagongwa. Ni jirani, mzee Ghislain, amekuja kuazima mnyororo mrefu wa kuvutia, kama anavyoazima kila Novemba kwa miaka thelathini.

Odile anafuta mikono, anachukua daftari la shule kutoka dirishani na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Jina, tarehe, mnyororo mmoja, kulabu mbili," anasema. "Sahihi hapa."

"Odile, wewe mama! Unanijua mimi."

"Nakujua, baba. Hapa."

Mzee Ghislain anasaini. Anaondoka na mnyororo begani bila kuaga, na Odile anamtazama mpaka anapokata kona. Kisha anarudisha daftari dirishani, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Anayemtoa hapo ni Firmin. Amekuja na kamba nyembamba, anaizungusha shingoni mwa Myrtille, anafunga fundo panapokutana. Anataka kumpelekea kipimo fundi wa kola, fundi wa mwisho mkoa mzima, mwenye miaka themanini na mmoja.

"Usimpe sasa," anasema Odile. "Shingo ya mwenye mimba si shingo ya kazi. Apime mwezi wa saba, akishazaa. Na mabega yawe yamepona. Akivuta saa tatu kwa siku mwakani, nitashukuru."

"Fundi ana miaka themanini na mmoja, Odi."

"Mwambie asife."

Firmin anacheka, na Odile naye anacheka kidogo. Anainuka kwenye ndoo, nyonga ikilia, anakwenda kuweka kiganja chini ya ubavu wa Myrtille, nyuma, pale ambapo mtoto akiwa na nguvu husukuma. Ni mapema mno kwa hilo. Anakiacha kiganja palepale.

Atazaliwa mwezi wa tano, anasema. Atamfundisha mwenyewe, polepole, bila mjeledi, kama alivyomfundisha mama yake. Miaka minne. Yeye atakuwa na sitini na moja. Kama ni jike, atamwita jina ambalo bado hataki kulitaja. Kama ni dume, haendi popote kwa kilo.

"Wanasema huwezi kuvusha kitu mpaka bila cheti, bila tafsiri, bila mhuri," anasema. "Huyu alipita mbele yao wote. Alisainiwa mama yake tu."

Myrtille anageuka kutoka ukutani. Anautafuta mfuko wa kushoto.